Majani Chini ya Karatasi

Alikuwa akitema mate juu ya chuma cha moto ili ajue kama kimefika. Mashine yake ya kuunganishia ilikuwa na geji ya joto, na geji ilikuwa nzima, lakini yeye aliinama, akayakusanya mate mdomoni taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, akayaachia yadondoke. Yakiruka na kupotea, chuma kiko tayari. Yakitulia na kuchemka, bado. Na hayakuwa mate meupe. Kutwa nzima alitafuna amwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ambazo huku kwetu Karagwe mgeni hupewa mkononi kwa heshima. Yeye alizipokea kwa heshima, akazitafuna, kisha maganda akayatema kwenye uwanja uliofagiliwa wa mtu aliyempa. Harufu ya plastiki inayoyeyuka pamoja na mate ya kahawa ninayo puani mpaka leo.

Sisi tulimwita Fundi tu. Mafundi walikuwa wengi kwenye kila kazi, wa matofali, wa nondo, wa bomba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani.

Kazi yake, na yangu kila niliporudi kwake, ilikuwa kutandaza karatasi. Tuliiita karatasi ingawa ni plastiki nzito nyeusi, nene kama kandambili iliyochakaa, inayokuja kwenye roli ambalo watu wanane hawaliinui. Mtu akichimba bwawa la maji ya kunywa au la maji machafu, karatasi hiyo hutandazwa chini na kwenye kingo, kipande kinapandishwa juu ya kipande, vinaunganishwa kwa moto, na ncha zinafukiwa kwenye mtaro juu ya ukingo ili isiteleze. Ikitandazwa sawasawa, maji hayapenyi kwenda ardhini. Ikitandazwa vibaya, hakuna atakayejua kwa mwaka mzima, na ndiyo sababu ni kazi inayomfaa mtu mwaminifu kupita kazi zote nilizowahi kufanya. Nami nimefanya nyingi. Nimechimba madini ya bati Kyerwa, nimevusha maharage mpakani, nimeshona viatu, nimechunga ng'ombe wa watu nikiwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni. Sikai mahali. Kila nilipochoka na mahali nilimtafuta Fundi, kwa kuwa siku zote alikuwa na shimo fulani linalomsubiri.

"Fomufoo umerudi," alikuwa akisema bila kugeuka. Hilo ndilo jina alilonipa kwa ajili ya cheti changu, na hakuwahi kuniita lingine.

"Shikamoo, Fundi."

"Onyesha nyayo."

Hakuitikia marahaba hata siku moja. Ulimpa shikamoo, naye akakutaka uinue mguu kama farasi anayekaguliwa kwato, akaangalia kama kuna changarawe iliyonasa au mwiba. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga karatasi na viatu. Tulitembea peku juu ya plastiki nyeusi iliyopigwa na jua tangu asubuhi, tukirukaruka, na kufikia saa sita nyayo zilikuwa zimechemka. Yeye alivaa raba laini za kitambaa ambazo alisema hazina madhara. Mtu mmoja alimuuliza kwa nini wote tusinunuliwe raba kama hizo. Fundi alimjibu, "Kwa sababu wewe ngozi yako huota tena."

Asubuhi kabla hatujafungua roli, alikuwa akilala kifudifudi chini ya shimo, shavu kwenye udongo, jicho moja limefumbwa. Jua likiwa chini, kila kijiwe hutupa kivuli kirefu, naye akiwa amelala vile aliviona vyote. Alinyoosha kidole. "Pale. Na pale. Fomufoo, mbele yako, harage." Nikiinama nilikuta kweli kijiwe cha ukubwa wa harage. Maji yakishajaa na uzito ukashuka, alisema, kijiwe hicho kitapanda kupitia karatasi kama jino la mtoto. Basi tuliokota, tukachekecha udongo, tukashindilia, tukachekecha tena, na aliponyanyuka shavu lake lilikuwa na udongo na mate, naye hakujifuta. Alikula hivyohivyo.

Mishono aliipima kwa hewa. Mashine yake ilichoma mistari miwili sambamba na kuacha kijia chembamba katikati, basi yeye alikiziba mwanzo na mwisho, akachoma sindano yenye geji, akajaza upepo kwa pampu na kuchuchumaa kuutazama mshale. Ukishuka hata kidogo, mshono wote unakatwa. Muda wote wa kusubiri hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Halafu mshale ukikaa, alichomoa ile sindano na kuitumia kuchokonoa masikio. Alichokipata alikitazama kwanza, akakipangusa kwenye suruali, akairudisha sindano kwenye kibweta chake cha mbao kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe kisafi kuliko nguo yoyote aliyokuwa nayo.

Wanawake waliobeba udongo walimtania.

"Fundi, hiyo karatasi umeioa?"

"Ningeioa. Haina mdomo."

"Na mahari ungetoa nini, hayo mate?"

Hapo alicheka mpaka akakohoa. Alipenda kutaniwa na wanawake, kisha baada ya dakika mbili alimfukuza mmoja wao kazi kwa kuangusha pini ya nywele.

Lazima niseme habari ya Bugomora, la sivyo nitakuwa namsingizia. Kule Kyerwa tulitandaza bwawa la maji ya kijiji, ya watu na ng'ombe. Adhuhuri moja upepo ulikuja ghafla, ukaingia chini ya karatasi kabla hatujapanga viroba vya mchanga, ukaiinua juu ya vichwa vyetu kama paa linalotaka kuondoka, kisha ukaiangusha imejikunja. Mhandisi wa mkandarasi aliangalia saa yake, akasema tuukandamize ule mkunjo na kuchomelea juu yake. Fundi aliketi juu ya mkunjo. Aliketi tu, miguu imenyooshwa, akatoa amwani zake mfukoni.

"Inuka, mzee, tunachelewa," alisema mhandisi.

"Ukichomelea hapa utanichomelea na mimi."

"Ni mkunjo tu."

"Watakaokunywa haya maji hawana pengine pa kwenda," Fundi alisema. "Wewe una chupa kwenye gari."

Tulikata karatasi ile yote ya siku nzima na kuanza upya. Mwaka jana nilipita Bugomora, nikakuta ng'ombe wamesimama kwenye birika chini ya lile bwawa, maji yanashuka meupe, na binti anajaza madumu huku akiimba. Nilisimama pale muda mrefu. Siku ile ya upepo nilikuwa nimempenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote aliyenipa kazi. Ningekuwa sijaiona siku ile, pengine ya Nyaishozi ningeyasamehe kama ya fundi mlevi yeyote. Lakini alijua. Hakuna mtu niliyemfahamu aliyejua zaidi yake.

Nyaishozi, miaka minne iliyopita, kulijengwa mtambo wa kumenya kahawa. Wakulima wanaleta kahawa mbivu, mashine inaimenya na kuiosha, na maji yanayotoka huko ni kitu kingine kabisa. Ambaye hajawahi kuyanusa siwezi kumweleza vizuri. Ni mekundu siku ya kwanza, ya tatu yanakuwa meusi na utando juu, na yananuka kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyotapikwa na kuachwa juani. Ukiyaachia yaende, yanaua samaki na kuichachua chemchemi. Kwa hiyo ilibidi pawe na bwawa lenye karatasi, na bwawa likachimbwa kwenye mteremko, na mita chache chini ya mteremko ule kulikuwa na chemchemi ya Mama Devota.

Haikuwa yake kwa hati. Kaya zote za upande ule zilichota hapo. Lakini ilitokea mwishoni mwa kibanja chake, kwenye migomba ya mwisho, naye ndiye aliyeifyekea na kuizungushia mawe, kwa hiyo watu waliiita yake. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda kabla yeye hajazaliwa, na yeye amezaliwa Nyaishozi, ameolewa Nyaishozi, amezika mume Nyaishozi. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa kubeba udongo, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo wote waliisikia.

Wiki ya mwisho mvua ilinyesha, ikaosha udongo wote tuliouchekecha kwenye ukingo wa chini na kuacha changarawe zimetoka nje kama meno. Lori la udongo mwingine halikuja. Wakubwa walikuwa wanakuja Ijumaa kuzindua, na Fundi alikuwa ameondoka kwenda kwake Kihanga tangu Jumanne, kwenye pombe. Tulikuwa tumeketi tunatazamana. Ndipo Mama Devota aliposema, "Kwani nyumbani tunafanyaje?"

Huku kwetu, katika nyumba za zamani, sakafu hutandikwa majani. Mgeni wa heshima akija, majani mapya yanakatwa, marefu, laini, yanapangwa kuanzia mlangoni mpaka anapoketi. Na kwenye kibanja ardhi haiachwi wazi kamwe. Unaifunika kwa majani ili isikauke. Mtu aliyekulia hapa akiona ardhi yenye mawe yenye kuumiza, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye majani. Wanawake wale walipanda kilimani na mundu, wakashuka na mizigo vichwani, wakafunika changarawe zote za ukingo wa chini na sehemu ya sakafu, unene wa kiganja kilichosimama. Waliyapanga kwa kulaza upande mmoja, kama sebuleni. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Nilisaidia kubeba. Sikujua, wala hakuna mwingine aliyejua, kwamba hicho ndicho kitu cha mwisho unachopaswa kuweka chini ya karatasi.

Fundi alirudi Alhamisi macho yamevimba. Tulikuwa tumeshafunika nusu. Alipiga magoti penye ukingo wa karatasi, akaingiza mkono chini, akautoa umeshika majani. Aliyanusa.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi, Fundi," alisema Mama Devota. "Mawe yalikuwa yametoka. Tumeyalainisha, waitu, ili yasikuchanie karatasi."

Alisema waitu, neno la heshima la huku, kama anavyoambiwa mkubwa. Na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuambiwa asante.

Fundi alimtazama. Kisha akageuka kutazama barabara, nadhani akifikiria Ijumaa. "Endeleeni," alisema.

Nilimfuata pembeni. "Fundi, majani hayataoza mle ndani?"

"Yataoza."

"Sasa?"

"Yataoza nikiwa mbali."

Akatema maganda ya kahawa kati ya miguu yangu, akaenda kuwasha jenereta. Mpaka Ijumaa asubuhi aliunganisha mishono ile kwa ustadi ambao sijawahi kuuona hata kwake. Mshale wa geji haukutikisika hata kwenye mmoja. Nakumbuka niliona aibu kwamba nimemwona kama mzembe.

Majani yakioza yanatoa hewa, na hewa ile haina pa kutokea. Mwaka uliofuata katikati ya msimu, karatasi iliinuka katikati ya bwawa, ikatokeza juu ya maji machafu, nyeusi, ya mviringo, inang'aa, kama mgongo wa kiboko aliyekufa. Watoto walikwenda kuirushia mawe ili isikike ikidunda. Na wiki hiyohiyo chemchemi ya Mama Devota ilibadilika. Kwanza maji yalikuwa na ladha ya majivu. Kisha yakawa na rangi ya chai. Kisha yakaanza kunuka, ule unukaji wenyewe, na ng'ombe wakakataa kuyanywa.

Mkutano uliitishwa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimetoka Kyerwa na natafuta kazi, na Fundi alikuwa ameniahidi shimo jingine. Alisimama mbele ya watu amevaa koti, akaeleza vizuri kabisa jinsi hewa ya majani inavyoinua karatasi. Mtu aliuliza majani yameingiaje.

"Mimi nilitandaza karatasi nzuri," Fundi alisema. "Chini yake nikakuta wanawake wameshatandika kitanda."

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hawa watu wa kuja hupewa kazi wasizozijua. Mama Devota aliambiwa asimame ili aonekane. Alisimama. Alisema kwamba Fundi aliyaona majani kabla ya kufunika, akasema waendelee. Fundi akatikisa kichwa taratibu kwa huruma, kama mtu anayemsikia mgonjwa wa homa. Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyesikia hayo.

Mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake siku ile. Nilitazama chini. Na wakati wa utani wa kitanda, mimi pia nilikuwa nimecheka, kidogo, kwa pua.

Tangu siku hiyo Mama Devota akawa ndiye aliyeharibu maji. Hakupigwa, hakufukuzwa. Waliacha tu kumsaidia. Wanawake aliokuwa akiwaongoza walimpita njiani wakiwa na madumu yao kwenda bonde la pili, mwendo wa saa nzima, na kila dumu lilimlaumu. Alipotaka kushiriki kumenya ndizi kwenye msiba, mmoja alimwambia, "Wewe kaa tu, mama, usije ukatutandikia." Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kulia, akichambua maharage.

Mafundi wa kampuni nyingine waliletwa. Waliuondoa ule mgongo wa kiboko kwa kutoboa na kuweka bomba la kupumulia, wakashusha karatasi ikalala. Kila mtu alidhani imekwisha. Msimu uliofuata chemchemi ikanuka vilevile. Walikausha bwawa, wakapitia mishono yote, mmoja baada ya mwingine, kwa sabuni na mashine ya kufyonza, na mishono ilikuwa mizima. Wakarudia. Mizima. Basi watu wakahitimisha kwamba ni yale majani ya yule mama yanaendelea kuoza na kushuka, na kwamba yataendelea hivyo mpaka wajukuu.

Mwaka huu nilirudi Nyaishozi, nikaenda kwa Mama Devota. Nilimpa pole ya maneno mengi. Nilimwambia kwamba nilisikia siku ile, na kwamba nitamwambia mwenyekiti.

"Utamwambia nini sasa?" alisema. "Kwamba ulisikia miaka minne iliyopita? Jamani, mwanangu. Hilo neno lako halitasafisha hata kikombe."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Mlete."

"Aje kuomba radhi?"

"Radhi yake nitapikia nini? Aje aonyeshe maji yanapita wapi. Yeye ndiye aliyetandaza. Akionyesha, watu watakunywa."

Nilimkuta Fundi Kihanga nyuma ya duka, kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Macho yote mawili yalikuwa yameingia weupe. Aligeuza sikio.

"Nani?"

"Fomufoo."

"Hah! Bado hujapata mahali pa kufia?" Mdomo wake ulikuwa hauna meno ya mbele, na rangi ya kahawa ilikuwa imeshuka mpaka kidevuni, kwenye makunyanzi. Nilimweleza kwamba wale wa kampuni wamepima mara mbili na hawakuona kitu.

"Wameshindwa?" Alijiinua kwenye kiti. "Wale wenye kompyuta?"

"Wameshindwa."

"Mara mbili?"

Furaha ikapanda usoni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nimejiandaa hata kumtisha. Haikuhitajika. Hakuuliza habari ya chemchemi, wala ya Mama Devota. Aliuliza kama wale wa kampuni watakuwepo wamwone.

Walikuwepo. Msimu ulikuwa umeisha wiki mbili tu, bwawa limefunguliwa maji, na chini yake kumebaki tope la kahawa, jeusi, lenye nzi, linalovuta miguu. Alikuwepo mwenyekiti, na fundi wa kampuni, dada wa miaka thelathini hivi aliyevaa buti ndefu, na Mama Devota na wanawake wanne. Fundi alishuka ukingo akiwa ameshika bega langu. Uzito wake haukuwa kitu. Tulipofika penye bomba la kuingizia maji, aliligusa kwa kiganja, akalipapasa, kisha akaniachia bega.

Alianza kutembea peke yake. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Hakupapasa, hakusimama kufikiri. Hatua kumi na saba kutoka kwenye bomba. Akageuka kuelekea upande wa chemchemi. Tano. Akasimama, akapiga tope kwa kisigino.

"Hapa."

Dada wa kampuni alikwangua kwa ubao. Tope lilitoka, likaja karatasi, na kwenye karatasi, mbali na mshono wowote, palikuwa na mpasuko ulionyooka, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Kingo zake hazikuwa na mkwaruzo. Ulikatwa kwa kisu. Fundi aliinama akaingiza vidole vyote vinne ndani, akavuta nje nyuzi chache za majani yaliyogeuka kuwa kama nywele zilizolowa.

"Mzee, umeonaje?" aliuliza yule dada. Alikuwa ameduwaa kweli.

"Sijaona. Macho yangu hayaoni. Nilikata mwenyewe." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Alhamisi ile. Nilitaka nijue yale majani yamefika wapi, nikakata nikaingiza mkono. Yalikuwa yamefika mpaka huku. Ijumaa nilitaka kuziba, mafuta ya jenereta yakawa yameisha, magari ya wakubwa yameshaingia. Wakaachia maji."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulijua?" mwenyekiti aliuliza.

"Kazi yangu naikumbuka yote," alisema kwa fahari. "Hatua kwa hatua. Nipeleke Bugomora nitakuonyesha kila kiraka."

Mama Devota alishuka ukingoni polepole mpaka akasimama mbele yake, naye aligeuza uso kuitafuta harufu au pumzi ya aliyekuja.

"Fundi, ni mimi. Wa majani."

"Aa. Mama."

"Siku ile ya mkutano, hili tundu ulikuwa unalikumbuka?"

"Nilikuwa nalikumbuka."

"Ukasema kitanda."

"Watu walitaka jibu, mama. Nikawapa."

Wanawake wale wanne wakasonya kwa pamoja, na mmoja wao, yule yule niliyeambiwa alimfukuza kwenye ndizi za msiba, akaweka mkono kinywani. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Dada wa kampuni akaanza kupima mpasuko kwa futi na kuandika, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa na maana kufanya, na akasema ataziba leo hii kabla ya jua kuzama, na chemchemi ikipata mvua za kutosha itajisafisha.

Nilimpandisha Fundi juu. Alikuwa anahema, ameridhika, mikono imejaa lile tope, ameinyoosha mbele yake.

"Nipeni maji ninawe," alisema.

Mimi nilikuwa na chupa kwenye begi. Nilianza kuifungua. Mama Devota alinishika mkono, akatikisa kichwa, akachukua dumu la lita tano lililokuwa kando ya njia, akateremka nalo kwenye migomba. Tulisubiri. Alirudi limejaa, akasimama mbele yake, akainamisha dumu kama mwenye nyumba anavyomnawisha mgeni.

Maji yalitoka rangi ya chai. Yalipogusa mikono yake harufu ikapanda, na sisi wote tukarudi nyuma hatua moja. Yeye alianza kusugua kwa nguvu, kisha akapunguza, kisha vidole vikasimama. Puani alikuwa mzima.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Chemchemini, waitu. Nawa."

"Inatosha."

"Bado, una tope kwenye kucha."

Aliendelea kummiminia, taratibu, bila kumwaga nje hata tone, na Fundi aliendelea kushika mikono pale chini, kwa kuwa hakujua aipeleke wapi. Alimnawisha mpaka dumu likaisha. Alilikung'uta, akaliweka chini, akajifunga kanga vizuri.

"Sasa karibu nyumbani, Fundi," alisema. "Ndizi zimeiva, na maharage yapo. Vijiko ndiyo sina. Kwetu tunakula kwa mkono."